Kuchagua kifaa cha kunolea kisu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na wapishi wa nyumbani, wenye bucha, mama mboga na vijana wanaoanza kazi katika majiko ya hoteli. Majibu yanahusu zaidi visu vilivyomo majumbani mwetu: vile vya bei ya kawaida visivyoshika kutu, vya mpini wa plastiki vinavyotumika buchani, vichache vya Kijerumani au Kijapani, na panga. Msimamo wangu ni kwamba kwa nyumba nyingi jiwe moja lenye pande mbili linatosha. Vifaa vingine vina kazi yake, na nitaeleza ni ipi.

Nina pesa ya kitu kimoja tu. Ninunue nini?

Nunua jiwe la kunolea lenye pande mbili: upande wa kukwaruza wa namba 400 hivi, na upande laini wa namba 1000. Liwe na urefu wa sentimita 18 au zaidi na upana wa sentimita 6 hivi, kwa sababu jiwe dogo huteleza na kukufanya uogope kisu. Ule wa kukwaruza unarudisha makali yaliyokufa kabisa, ule laini unayamalizia. Kisu kilichomaliziwa vizuri kwenye namba 1000 kinakata nyanya, samaki, nyama na sukuma wiki bila shida yoyote.

Lile jiwe la kijivu linalouzwa maduka ya vifaa vya ujenzi, ambalo mara nyingi halina namba, nalo hufanya kazi. Ukiwa dukani weka rula juu yake uangalie kama limenyooka, kisha lisugue kwa kidole gumba. Likimwaga mchanga kirahisi, liache hapo hapo.

Fimbo ya chuma wanayotumia buchani si ndiyo kinoleo?

Hapa ndipo watu wengi hupoteza pesa, kwa hiyo nitajibu kwa kirefu.

Makali ya kisu ni membamba mno. Ukikata juu ya ubao, hayaliwi yote kwa mara moja. Sehemu kubwa hupinda kidogo upande mmoja. Kisu unakiona hakikati, kumbe chuma bado kipo, kimelala tu. Fimbo inakisimamisha tena, na ile yenye mistari huondoa chuma kidogo pia. Ndiyo maana muuza nyama anapiga fimbo mara chache, kisha anaendelea na kazi kama vile kisu kimenolewa upya.

Lakini makali yakishaliwa yakawa mviringo, hakuna cha kusimamisha. Unaweza kupiga fimbo hadi jioni na nyanya ikaendelea kupondeka. Hapo kinachohitajika ni jiwe. Basi fimbo ni ya kutunza makali yaliyopo, na jiwe ni la kutengeneza makali mapya. Ukinunua fimbo peke yake, utafurahia wiki kadhaa tu.

Namna salama kwa anayeanza: simamisha fimbo wima, ncha yake juu ya kitambaa mezani. Anza na makali ya karibu na mpini, teremsha kisu huku ukikivuta hadi uishie nchani. Badilisha upande kila mara, mara nne au tano kila upande zinatosha. Usikandamize. Uzito wa kisu chenyewe karibu unatosha, na ule mtindo wa kupiga kelele hewani haunoi chochote.

Fimbo lazima iwe ngumu kuliko kisu. Kwa visu laini, fimbo ya kawaida ya chuma ni sawa. Kwa kisu kigumu cha Kijapani tumia fimbo ya kauri yenye uso laini, au achana na fimbo kabisa, maana chuma kigumu hakipindi; hupata mapengo.

Namba za mawe maana yake nini?

Namba inaonyesha ukubwa wa chembe zinazokwaruza. Namba ikipanda, chembe zinakuwa ndogo. Kati ya 200 na 400 ni kuondoa mapengo na kurudisha makali yaliyokufa. Kati ya 800 na 1200 ni kunoa kwa kawaida. Kuanzia 3000 ni kung'arisha, kazi inayomfaa mkata samaki mbichi au mtu mwenye kisu kigumu.

Angalizo moja: namba za mawe ya Kijapani na namba za msasa zenye herufi P hazilingani. Msasa P1000 una chembe za mikroni 18 hivi (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), kubwa kuliko za jiwe la Kijapani la 1000. Ulio karibu na jiwe hilo ni wa kati ya P1500 na P2000. Ukinoa kwa msasa uliobandikwa juu ya kioo (njia nzuri tu kwa asiye na jiwe), kumbuka hilo, na uvute kisu kwa kutanguliza mgongo ili usichane karatasi.

Nitajuaje kisu changu ni cha chuma gani?

Soma maandishi ubavuni. Ukiona 3Cr13, ni chuma cha Kichina chenye kaboni asilimia 0.3 hivi na kromi asilimia 13: kilaini, hakishiki kutu kirahisi, kinanoleka haraka na kupoteza makali haraka. X50CrMoV15 ni chuma cha visu vingi vya Kijerumani, kaboni asilimia 0.5 na kromi 15. VG-10 ni cha Kijapani, kaboni asilimia 1 hivi.

Ugumu hupimwa kwa kipimo cha Rockwell, kinachoandikwa HRC. Visu vya jikoni vya Victorinox, ambavyo wauza nyama wengi duniani wanavipenda, viko kwenye 55 hadi 56. Vya Kijerumani vya bei kubwa hufika 58 hivi, na vya Kijapani huanza 60 na kuendelea. Kilicho chini ya 58 kinapatana na karibu kila kifaa. Kuanzia 60 kwenda juu, kaa kwenye jiwe.

Kama hakina maandishi yoyote, kichukulie ni kilaini. Mara nyingi utakuwa sahihi.

Ninoe kwa pembe gani?

Visu vya kawaida vya jikoni na buchani: nyuzi 20 kila upande. Vya Kijapani: nyuzi 15 au pungufu kidogo. Panga: nyuzi 25 hivi.

Huhitaji kifaa cha kupimia. Pima upana wa kisu kutoka makali hadi mgongo. Kikiwa na sentimita 4, ukiinua mgongo sentimita 1 juu ya jiwe umepata nyuzi 15, na ukiinua sentimita 1.4 umepata nyuzi 20. Au chukua kona ya karatasi, ikunje mara mbili katikati: utapata nyuzi 22.5, iweke pembeni ya jiwe uitazame.

Usiumize kichwa kuhusu nyuzi moja au mbili. Kosa linaloharibu ni mkono unaoyumba, mara 15 mara 30, kwa sababu makali hayakutani na kisu kinatoka mviringo. Ukitaka kuona kama unayumba, paka makali rangi ya kalamu nene, pitisha kisu mara mbili jiweni, tazama rangi imetoka wapi. Ikitoka juu tu karibu na ubapa, umelaza mno. Ikitoka kwenye ncha ya makali peke yake, umeinua mno.

Nitajuaje kwamba upande mmoja umekwisha?

Utasikia mkunjo. Ukinoa upande mmoja hadi mwisho, chuma kinasukumwa na kujikunja upande wa pili, uzi mwembamba sana. Pitisha kidole gumba taratibu kutoka mgongoni kuelekea nje ya makali (kamwe usipitishe kwa urefu wa makali) na utausikia unakwaruza. Uwepo kutoka mpini hadi nchani bila kukatika. Hapo ndipo ugeuze kisu. Anayegeuza kabla ya mkunjo kutokea anapoteza muda wake, na hii ndiyo sababu kubwa ya watu kusema jiwe haliwezi.

Ukishapata mkunjo pande zote mbili, hamia jiwe laini na upunguze nguvu kila hatua. Mwishoni pitisha kwa wepesi sana, mara moja huku, mara moja kule, kisha sugua kisu kwa kutanguliza mgongo juu ya mkanda wa ngozi au jinzi iliyokazwa juu ya ubao. Mkunjo ukibaki, kisu kitakata vizuri siku ya kwanza na kufa siku ya pili.

Kipimo cha mwisho ni taa. Elekeza makali juu, chini ya mwanga mkali. Makali kamili hayaonekani. Popote unapoona mstari au nukta inayong'aa, pale ni butu.

Nitumie maji au mafuta?

Jiwe la Kijapani ni maji tu. Mengine hulowekwa hadi mapovu yaishe, mengine hunyunyiziwa tu, kwa hiyo soma boksi. Jiwe la kijivu la duka la vifaa vya ujenzi linakubali vyote viwili, ila likishakunywa mafuta itabidi uendelee na mafuta. Usitumie mafuta ya kupikia. Yanaganda, yanaziba vitundu, na jiwe linaanza kuteleza kama kigae. Mafuta ya cherehani ni bora. Nyumbani mimi nashauri maji, yapo na hayanuki.

Jiwe langu limebonyea katikati. Nilitupe?

Hapana. Chora mistari ya penseli juu yake, lowesha sakafu ya saruji iliyonyooka au msasa wa kukwaruza juu ya kioo, usugue hadi mistari yote ifutike. Fanya hivyo kabla bonde halijawa kubwa.

Vipi bamba la almasi?

Ni kifaa kizuri na ndicho ningempa mtu asiyetaka kuhangaika na maji ya kuloweka. Ni chuma kilichopakwa chembe za almasi zilizoshikwa kwa nikeli. Hakibonyei, kinakula chuma chochote, hata kisu cha kauri. Kasoro ni kwamba ya bei rahisi hukwaruza sana mwanzoni, na ukikandamiza chembe hung'oka na haziwekwi tena. Mkono mwepesi, maji kidogo ya sabuni, basi.

Na kile kinoleo kidogo unachovutia kisu katikati?

Kile chenye vyuma viwili vilivyokutana kama herufi V hakinoi, kinakwangua. Kinang'oa nyuzi za chuma, kinaacha makali yenye mikwaruzo ambayo hukata vizuri kwa muda mfupi, na kila mwaka kisu kinapungua waziwazi. Pembe ni moja tu, upende usipende.

Hata hivyo sitamkataza mama mwenye watoto watatu na kisu cha bei ndogo kinachohitajika sasa hivi. Kisu butu kinateleza juu ya kitunguu na kuingia kidoleni, kwa hiyo kinoleo hicho ni bora kuliko kuacha kisu kife. Chagua chenye magurudumu ya kauri, vuta mara tatu au nne bila nguvu. Kisu cha Kijapani au chenye meno usikipitishe humo.

Fundi wa baiskeli anayepita mtaani, nimpe kisu changu?

Mpe, ila umwambie unachotaka. Hawa mafundi wa kunoa wanaokanyaga pedali huku jiwe linazunguka mbele yao wana uzoefu mkubwa, na kwa panga, mkasi wa fundi cherehani au kisu chenye mapengo ni msaada usio na mfano. Wanatunza vitu ambavyo vingetupwa.

Hatari iko kwenye joto. Jiwe kavu linalozunguka linachemsha ukingo mwembamba kwa sekunde chache. Chuma cha kisu kilifanywa kigumu kiwandani kwa kuchomwa, kupozwa ghafla na kisha kupashwa moto kiasi. Kikipata joto kupita kile kiasi, ugumu unaondoka. Ukingo ukigeuka rangi ya majani makavu umefika nyuzijoto 220 hivi; ukigeuka buluu umekaribia 300, na sehemu hiyo haitashika makali tena mpaka isuguliwe yote iishe. Kwa hiyo muombe achovye kisu kwenye maji kila anapopitisha. Fundi mzuri hatakasirika, wengi wana kopo la maji tayari.

Jambo la pili ni umbo. Mkono wa haraka hula zaidi karibu na mpini, na baada ya muda kisu kinapata bonde. Ukikata giligilani au mchicha, majani yanabaki yameshikana kwa sababu pale katikati kisu hakigusi ubao. Kiweke juu ya meza kabla ya kulipa, tazama kama mwanga unapita chini yake. Kisu cha bei kubwa cha Kijapani usimpe mtu wa jiwe kavu, awe wa mtaani au wa karakana.

Na grainda ya umeme ya kukatia vyuma si kinoleo cha kisu cha jikoni. Inakichoma kabla hujasema lolote.

Tuna hoteli. Tununue mashine ya umeme?

Mkiwa na visu vingi na wapishi wanaobadilika kila mara, ndiyo, mashine ina faida. Ya mikanda ya msasa hupasha joto kidogo kuliko ya gurudumu kavu la kasi. Iliyo salama zaidi kwa chuma ni ya jiwe linalozunguka polepole ndani ya maji. Zile za Tormek za Sweden huzunguka mara 90 hadi 120 tu kwa dakika. Ni ghali. Jiko lenye visu kumi litafanya vizuri zaidi kumfundisha mpishi mmoja jiwe, na kuweka fimbo moja ya sentimita 30 mahali ambapo kila mtu anaiona.

Kisu cha kuchinja kinolewe vipi?

Kwa makini kuliko vyote. Mafundisho ya Uislamu yanaagiza kisu kinolewe ili mnyama asiteseke, na kisinolewe mbele ya macho yake. Basi kazi hii imalizike usiku wa kuamkia Iddi, si uwanjani asubuhi mbuzi amefungwa pembeni.

Chagua kisu kirefu, sentimita 20 hadi 25 kwa mbuzi na 30 hivi kwa ng'ombe, ili mpasuko uwe mmoja usiorudiwarudiwa. Noa hadi namba 1000, toa mkunjo wote. Kisha tembeza ukucha kwa wepesi juu ya makali mwanzo hadi mwisho. Ukikwama popote pana pengo, na pengo linachana badala ya kukata. Rudi kwenye jiwe. Kisu hiki kisitumike kuvunjia mifupa wala kufungulia kopo. Kifungwe kitambaa, kiwekwe peke yake.

Panga je?

Tumia tupa, ile ya fundi vyuma. Chuma cha panga ni kilaini makusudi ili kisivunjike likigonga jiwe au kisiki, kwa hiyo tupa inakishika vizuri. Libane panga kwenye gogo au ukalie mpini, sukuma tupa kuelekea mbele tu, usiirudishe ikiwa imegusa. Meno yake yanakata upande mmoja. Vaa glavu nene, na tupa iwe na mpini.

Kisu cha mkate na kisu cha kauri?

Cha mkate kina meno, hudumu miaka bila kunolewa. Kikichoka, tumia fimbo nyembamba ya almasi ndani ya kila bonde, upande mmoja ule wenye mabonde, kisha futa mkunjo upande wa pili. Cha kauri kinakubali almasi tu. Fimbo ya chuma itakivunja.

Chini ya kikombe, au ngazi ya saruji?

Ule mduara usiong'aa chini ya kikombe cha udongo ni kauri tupu, ngumu kuliko chuma, na ukiwa ugenini unafaa kabisa. Saruji ni habari nyingine: mchanga wake una punje kubwa na ndogo zilizochanganyika, na jiwe lililojitokeza linang'oa ukingo. Kwa jembe sawa.

Ninoe mara ngapi?

Nyumbani, fimbo kila baada ya siku chache na jiwe kila miezi miwili au mitatu. Buchani, fimbo mara nyingi kwa siku na jiwe kila wiki. Mama mboga anayekata sukuma wiki kama nyuzi huwa na jiwe pale pale mezani, na ukimtazama utaona hasubiri kisu kife. Hiyo ndiyo njia rahisi: kisu kinachonolewa mapema kinahitaji dakika tano, kilichoachwa kinahitaji saa nzima.

Nini kinaua makali haraka?

Sahani. Kukata juu ya sahani, kioo au meza ya marumaru kunafuta kazi yote kwa dakika moja. Tumia ubao wa mti au plastiki. Mifupa na nyama iliyoganda ni kazi ya shoka. Usikwangue vitunguu ubaoni kwa makali, geuza kisu utumie mgongo. Droo yenye vijiko, visu vikigongana humo, nayo ni adui. Hata ala ya boksi gumu iliyofungwa gundi inasaidia.

Naishi pwani, visu vyangu vinashika kutu.

Hewa ya chumvi inafanya hivyo, na hata chuma kinachoitwa kisichoshika kutu hupata madoa kikiachwa na maji. Ndimu, embe na nyanya huongeza kasi. Osha mara tu umalizapo, kausha kwa kitambaa, usiache kisu kwenye beseni usiku. Visu vya chuma cha kaboni na panga vipakwe mafuta membamba sana: parafini ya maji ya duka la dawa ni nzuri, na mafuta ya nazi yanafaa kwa kisu kinachotumika kila siku kwa kuwa hayachachi upesi.

Kisu kimekwisha lini?

Kila unaponoa kisu kinapungua upana, na kadiri makali yanavyosogea kuelekea mgongoni ndivyo chuma kinavyokuwa kinene. Utaona kinapasua karoti badala ya kuikata, hata kama kimenolewa. Kinaweza kupunguzwa unene kwa kulazwa karibu kabisa juu ya jiwe la kukwaruza, kazi ya uvumilivu lakini inakiongezea miaka. Kikibaki chembamba kama kidole, kifanye cha kumenyea viazi. Ukiamua kukitupa, zungushia makali boksi gumu na gundi nyingi, uandike juu yake KISU, kwa sababu watu wanaokusanya taka zetu huzishika kwa mikono mitupu.